Ladha ya Giligilani: Somo la Pua, Ulimi na Dawa za Nyumbani

Ichukuliwe nyumba moja ya Kondoa mjini, jioni ya kiangazi, upepo wa uwanda wa juu ukianza kuleta baridi. Mtoto analalamika kwamba tumbo limejaa gesi. Bibi yake amechuma majani ya giligilani bustanini, ameyachemsha, na sasa anampa kikombe. Mtoto anakinusa na kugeuza uso. "Bibi, hii inanuka sabuni." Bibi anajibu kama walivyojibu mabibi wengi kabla yake: "Kunywa, mjukuu wangu. Dawa si asali." Binamu yake aliyeketi kando anaonja kikombe hicho hicho na kusema kwamba kinanukia vizuri kama mchuzi wa sikukuu.

Ni yupi kati ya watoto hawa wawili asemaye kweli? Wote wawili wasema kweli. Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, inatoa jaribio jepesi liwezalo kufanywa shuleni bila vyombo vya maabara, na inaonyesha namna ya kupunguza harufu hiyo kwa wasioipenda. Mwishowe inachunguza wazo lililofichwa katika jibu la bibi: kwamba dawa ikizidi kuchukiza ndivyo inavyozidi kuponya. Wazo hilo limeenea, nalo laweza kuleta madhara.

Mmea wenyewe

Giligilani, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Coriandrum sativum, ni mmea wa msimu mmoja wenye asili ya nchi za mashariki ya Bahari ya Kati na Asia ya magharibi. Watu wengi wa pwani huyaita majani yake kotimiri, na mbegu zake zilizokauka hujulikana pia kwa jina la dania. Mwanadamu ameutumia mmea huu tangu kale. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Mmea huu ni wa jamii moja na karoti, bizari nyembamba na shamari. Wote huchanua maua madogo yaliyopangika kama mwavuli. Hata hivyo, jamii hiyo hiyo ina mimea yenye sumu kali, ukiwemo ule ambao Wayunani walimnywesha mwanafalsafa Sokrates alipohukumiwa kufa mwaka 399 kabla ya Kristo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asichume mmea wa porini kwa kuwa tu unafanana na giligilani.

Harufu ya majani mabichi hutokana hasa na kemikali za kundi liitwalo aldehaidi. Kemikali hizo ni nyepesi kugeuka mvuke, na ndiyo sababu jani likifikichwa tu harufu hujaa chumba kizima. Aldehaidi zinazofanana nazo hutumika katika manukato ya sabuni. Nyingine za kundi hilo hutolewa na kunguni anapoguswa au kupondwa, na mwanafunzi aliyewahi kulala katika bweni lenye kunguni huenda akaitambua harufu hiyo. Basi asemaye kwamba giligilani inanuka sabuni au kunguni hasemi kwa ukaidi. Pua yake imetambua kemikali za kundi moja.

Mbegu zilizokomaa ni habari nyingine. Mbegu changa hunuka kama majani, lakini kadiri zinavyokomaa aldehaidi hupungua, na kemikali nyingine iitwayo linaloli huongezeka hadi kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya mbegu. Linaloli hunukia kama maua. Ndiyo maana mtu aweza kuyachukia majani ya giligilani na huku akafurahia pilau iliyotiwa mbegu zake.

Pua na ulimi

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "ladha" kwa jambo ambalo kwa kweli ni kazi ya viungo viwili. Ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ladha nono kama ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ni kazi ya pua. Chakula kinapotafunwa, mvuke wake hupanda kutoka nyuma ya kinywa hadi juu ndani ya pua. Huko kuna vipokezi vya harufu, ambavyo kwa binadamu ni vya aina zipatazo 400. Kila kipokezi huitikia kemikali fulani na kupeleka habari katika ubongo, nao ubongo huunganisha habari za pua na za ulimi na kuziona kuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo uchungu wa mwarobaini na harufu ya giligilani ni matatizo mawili tofauti. Mwarobaini huuchukiza ulimi. Giligilani huichukiza pua. Anayeziba pua anywapo maji ya mwarobaini hatapata nafuu kubwa, bali anayeziba pua anywapo maji ya giligilani atashangaa kuona kwamba hayana ladha yo yote ya kusumbua.

Urithi na mazoea

Mwaka 2012 wachunguzi nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza zaidi ya watu 25,000 wenye asili ya Ulaya. Waliona kwamba wale waonao harufu ya sabuni katika giligilani hutofautiana kidogo na wengine katika sehemu moja ya kromosomu ya 11. Sehemu hiyo ina kundi la jeni za vipokezi vya harufu, na mojawapo, iitwayo OR6A2, hutengeneza kipokezi kinachoitikia aldehaidi kwa urahisi.

Matokeo hayo yasichukuliwe kupita kiasi. Wachunguzi hao hao waliona kwamba sehemu ya urithi katika jambo hili ni ndogo. Mazoea nayo yana nguvu. Mwaka huo huo wa 2012 kulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kanada miongoni mwa vijana wenye asili mbalimbali. Wasioipenda giligilani walikuwa asilimia 21 kati ya wenye asili ya Asia ya mashariki, asilimia 14 kati ya wenye asili ya Afrika, na asilimia 3 tu kati ya wenye asili ya Mashariki ya Kati, ambako mmea huu hutumika sana jikoni. Mtoto aliyeizoea tangu utotoni huiona kuwa harufu ya nyumbani.

Jaribio la darasani

Vitu vinavyohitajika: majani mabichi ya giligilani yaliyooshwa kwa maji safi, mbegu zake kavu, kahawa nyeusi isiyotiwa sukari, vijiko, na daftari. Jaribio lifanyike jikoni au darasani. Maabara haifai kwa kuonja cho chote. Washiriki wawe wale tu wanaopenda, na asishiriki mwenye kudhurika na vyakula vya jamii ya karoti.

1. Kila mshiriki afumbe macho, azibe pua kwa vidole, na atafune jani moja. Aandike alichokiona.
2. Aachie pua huku jani lingali mdomoni. Aandike tena: linanukia, linanuka sabuni, au halina tofauti?
3. Asukutue mdomo, kisha arudie kwa mbegu moja iliyopondwa.
4. Arudie kwa kijiko kimoja cha kahawa, kwanza akiwa ameziba pua, halafu akiwa ameiachia.

Matokeo yanayotazamiwa ni kwamba uchungu wa kahawa hubaki hata pua ikizibwa, bali harufu ya giligilani karibu itoweke. Kisha darasa lihesabu waliosema "sabuni" na kutafuta asilimia yao. Kwa mfano, ikiwa ni 6 kati ya wanafunzi 45, hesabu ni 6 ÷ 45 × 100, yaani asilimia 13.3. Hesabu ya namna hii ikifanywa Kondoa, Bereko au Kolo itakuwa na thamani yake, kwa sababu uchunguzi wa Marekani haukuwahusu watu wa uwanda huu.

Mwalimu atoe onyo moja. Mwanafunzi asitumie jaribio hili kuamua nani ni mtoto wa nani. Sifa hii haifuati jeni moja peke yake, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kutofautiana.

Namna ya kupunguza harufu

Aliyekusudia kutumia giligilani nyumbani kwa tumbo lililojaa gesi, naye haiwezi harufu yake, ana njia kadhaa.

Ya kwanza ni kutumia mbegu zilizokomaa badala ya majani. Mbegu ndizo zilizokubaliwa na kamati ya serikali ya Ujerumani ya kuchunguza mitishamba, iitwayo Commission E, kwa matatizo madogo ya tumbo na kukosa hamu ya kula.

Ya pili ni kuyaponda majani na kuyaacha kwa muda kabla ya kuyatumia. Kuponda huvunja seli za jani, na vimeng'enya vilivyomo hukutana na aldehaidi na kuzigeuza kuwa kemikali zisizonuka sana.

Ya tatu ni kuyachemsha bila kufunika sufuria, ili aldehaidi zitoke pamoja na mvuke. Ya nne ni kuyachanganya na maziwa, kwa kuwa aldehaidi hizi huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji, na mafuta ya maziwa huzishika zisipande puani kwa wingi. Ukwaju au ndimu huweza kuufunika mnuko uliobaki. Asali pia hufaa, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea ugonjwa wa kupooza.

Njia ya pili na ya tatu zina gharama yake. Ziondoapo harufu huondoa pia kemikali zenyewe. Anayechemsha majani bila kifuniko hadi yasinuke atakunywa maji yaliyo tofauti na yale ya jirani yake aliyefunika sufuria, ingawa wote wawili watasema wamekunywa giligilani.

Ladha si kipimo cha dawa

Watanzania wengi wenye umri mkubwa wanaukumbuka uchungu wa klorokwini. Kwa miaka mingi dawa hiyo iliponya malaria, na mtu aliyekunja uso akiimeza aliamini kwamba uchungu huo ndio nguvu yake. Baadaye vimelea vya malaria vilijenga usugu, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Kidonge kilibaki kichungu vile vile. Kuponya ndiko kulikokwisha. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2009 zimekuwapo dawa mseto za malaria za watoto zinazoyeyuka katika maji na zilizotiwa utamu, nazo huponya. Ladha, basi, haipimi nguvu ya dawa. Nguvu hupimwa kwa kuwachunguza wagonjwa wengi na kulinganisha waliopewa dawa na wasiopewa.

Jambo hili ni zito hasa kuhusu degedege. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto mwenye degedege amekuwa akifukizwa moshi au kupewa mitishamba yenye harufu kali kabla ya kupelekwa kwa mganga wa hospitali. Mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California walionyesha kwamba aldehaidi moja ya majani ya giligilani hufungua mifereji ya potasiamu katika chembe za neva, na kwamba ilichelewesha mtukutiko katika wanyama wa maabara. Habari hiyo yaweza kumfurahisha msomaji na kumpoteza pia. Wanyama wa maabara si watoto, na kemikali iliyosafishwa na kupimwa si kikombe cha majani. Degedege yaweza kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani au ya homa ya uti wa mgongo, na kila saa inayopotea yaweza kugharimu uhai. Mtoto huyo alazwe ubavu, asitiwe kitu cho chote mdomoni, na apelekwe kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi maalumu ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, na akizidi kulegea apelekwe hospitali.

Bibi wa Kondoa hakukosea kumhurumia mjukuu wake, na kikombe cha giligilani kwa tumbo la gesi si kosa. Akijua kwamba pua ya mtoto inasema kweli, hatamkemea wala hatamnywesha kwa nguvu. Atampondea mbegu, au atamtilia maziwa kidogo. Na siku tumbo litakapoambatana na homa kali, kutapika au damu, ataweka kikombe chini na kumfunga mtoto mgongoni kwa safari ya zahanati.

Maswali

1. Eleza kwa nini kuziba pua hupunguza ladha ya giligilani lakini hakupunguzi uchungu wa kahawa.
2. Kwa nini majani na mbegu za mmea mmoja huweza kuwa na harufu tofauti?
3. Katika darasa la wanafunzi 40, watano walisema giligilani inanuka sabuni. Tafuta asilimia yao. Je, hesabu hiyo inatosha kueleza hali ya wilaya nzima? Toa sababu.
4. Mtu asema, "Dawa hii ni kali sana mdomoni, kwa hiyo lazima itaponya." Mjibu kwa kutumia mfano wa klorokwini.
5. Orodhesha dalili nne ambazo mtoto akiwa nazo hapaswi kutibiwa nyumbani kwa mitishamba.