Mabaki ya Jikoni na Mifuko ya Nailoni

Mwezi huu twataka kunena habari za jikoni. Walimu wengi hufundisha habari za shamba na za mifugo, lakini mlango wa jiko hawauingii. Husema hiyo ni kazi ya akina mama. Hata hivyo chakula kilichopatikana kwa jasho la miezi mingi chaweza kupotea jikoni kwa siku moja. Hesabu ya Umoja wa Mataifa yaonyesha kwamba katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilikuwa tani zipatazo bilioni 1.05, na katika hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani mwa watu.

Kwanza tukitazame chungu chenyewe. Wazee wetu walipopika ndizi walizifunika kwa majani ya mgomba, wakayabana sana ili mvuke usitoke. Siku hizi, hata katika majiko ya sherehe zetu, twaona mpishi akitwaa mfuko wa nailoni, akautandaza juu ya wali au ndizi, kisha akaweka mfuniko. Sababu twaijua: nailoni i karibu, na chakula huiva vizuri. Lakini plastiki ikipata joto, dawa zilizochanganywa nayo kiwandani huweza kutoka na kuingia katika chakula tunachowapa watoto. Jani la mgomba halina shida hiyo, tena halinunuliwi, na kazi yake ikiisha hupewa mbuzi. Pengine tuliliacha kwa kuona haya tu, tukidhani ni jambo la kishamba.

Vivyo hivyo wako wanaowashia moto kwa vipande vya nailoni. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta zaidi ni mama aliyeinama juu ya mafiga na mtoto aliye mgongoni mwake.

Habari ya sheria yajulikana na wengi. Ndugu zetu ng'ambo ya Rusumo, katika Rwanda, walikatazwa mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008. Sisi tulikatazwa tarehe 1 Juni 2019, na mtu akikutwa akiutumia mfuko huo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Lakini sokoni bado twaona vifungashio vyepesi vikitumika kama mifuko ya kubebea, navyo huishia kibanjani, ambako ng'ombe huvimeza pamoja na majani. Anayekwenda sokoni na kikapu chake, na chombo cha kutilia mafuta au dagaa, hana haja navyo.

Sasa mabaki. Maganda ya ndizi, ya mihogo na ya viazi yasichanganywe na taka za plastiki, maana yakichanganywa hayafai tena kwa mnyama wala kwa mgomba. Kiporo cha maharage kipashwe moto hata kichemke kabisa; kikinuka au kikitoa povu, kisiliwe. Tena maharage yalowekwe usiku, yataiva kwa kuni chache. Watu wa Ngara hawahitaji kufundishwa thamani ya kuni: wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, na jinsi miti ya vilima vya kando ya makambi ilivyokwisha baada ya hapo.

Katika Injili ya Yohana, mlango wa 6, twasoma kwamba vipande vilivyosalia vilikusanywa vikapu 12. Lakini vilikuwa vipande vizuri. Twasema hivi kwa sababu liko kosa moja linalofanywa na watu wenye bidii ya kutopoteza kitu, nalo laweza kuua. Mama akikuta mahindi yameota ukungu huyachambua, huyaosha, huyaanika, kisha huyapeleka mashineni. Au huyatengenezea pombe, au huwapa kuku. Ukungu huo huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu, nayo haiishi kwa kuosha wala kwa kupika. Huharibu ini. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu: huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, wakafa 20. Basi mahindi ya namna hiyo yafukiwe, ijapokuwa moyo wauma, wala asiyafukue mtu kwa ajili ya mifugo.

Dawa yake ni kuzuia mapema. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu, tia mahindi hata theluthi yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, ufunge na kutikisa, kisha uiache kwa robo saa. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, yarudishwe juani. Yakiisha kukauka, yatiwe katika ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye matabaka mawili ya plastiki ndani na gunia nje. Wadudu hufa humo kwa kukosa hewa, bila dawa yo yote. Ndiyo, nayo ni plastiki, lakini hii yaokoa chakula, tena hutumika msimu wa pili na wa tatu, ikiwa panya hawajaitoboa.