Biti ya Sita na Ritifaa ya ng'

Kwa tarakilishi, kila herufi ni namba. Katika mfumo wa ASCII uliochapishwa Marekani mwaka wa 1963, herufi A ilipewa namba 65. Herufi ndogo ziliingizwa katika toleo la 1967, nayo a ikawa 97. Tofauti ni 32, na haibadiliki hadi Z na z. Mpangilio huu haukuwa wa kubahatisha. Namba zinapoandikwa kwa 0 na 1 pekee, A ni 01000001 na a ni 01100001: zinatofautiana kwa biti moja tu, ya sita kutoka kulia. Ikizimwa, herufi ndogo huwa kubwa. Ikiwashwa, kubwa huwa ndogo.

Mathalani, mji wa Oyugis ulioko kwenye barabara ya Kisumu–Kisii, katika Kaunti ya Homa Bay. Neno "oyugis" ni 111, 121, 117, 103, 105, 115. Biti ya sita ikizimwa hupatikana 79, 89, 85, 71, 73, 83, yaani OYUGIS. Mwanaprogramu aliyejaribu kazi yake kwa jina hili ataridhika. Na aendelee basi na jina la kaunti yenyewe. Kati ya "homa" na "bay" pana nafasi, nayo ina namba yake, 32. Biti ya sita ndiyo mali yake yote. Ikizimwa hubaki 0, na katika lugha ya programu ya C sifuri huashiria kwamba maneno yamekwisha. Kinachochapishwa ni HOMA peke yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hatari kubwa zaidi imo katika ng'. Kifonolojia hii ni fonimu moja, nazali ya kaakaa laini, nayo wasemaji wa Dholuo wanayo pia, kama katika neno ng'ato, "mtu". Kwa tarakilishi ni alama tatu, na ya tatu si herufi. Ritifaa ni 39, yaani 00100111. Biti ya sita ikizimwa hubaki 7, namba iliyotengewa amri ya kupiga kengele! Kwenye skrini nyingi amri hiyo haionekani. Basi "ng'oa" husomeka NGOA, na kitenzi cha kung'oa kimegeuka kuwa ngoa, yaani wivu au tamaa, bila programu kutoa onyo lolote.

Kosa hili hujificha kwa sababu linakwenda upande mmoja. Ritifaa na nafasi tayari zina biti ya sita, kwa hiyo kuiwasha hakuzidhuru. Anayegeuza kubwa kuwa ndogo halioni kamwe. Dawa yake ni fupi: kabla ya kuzima, programu ihakikishe kwamba namba iko kati ya 97 na 122.

Dawa hiyo yatosha kwa Kiswahili, ambacho herufi zake hazina alama juu yake. Kwa Kikuyu haitoshi. Katika Unicode, ũ ni 361 na Ũ ni 360. Tofauti ni 1. Ukaguzi uliotajwa utaiacha ũ ilivyo, ndogo katikati ya herufi kubwa, na bila ukaguzi huo itageuka 329, alama isiyo ya Kikuyu kabisa. Hapo biti moja haifai tena. Programu huhitaji jedwali linalooanisha kila herufi ndogo na kubwa yake.