Mtoto Ana Chawa: Maswali ya Wazazi, Majibu ya Tabibu wa Ngozi

Muhula ukianza wazazi huuliza habari za ada, sare na madaftari kwa sauti ya kawaida. Habari za chawa huulizwa pembeni, watu wengine wakishaondoka. Aibu hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye tiba za hatari, na watoto wanaumia. Kati ya maswali yaliyonifikia nimechagua machache, na ninaanza na lile lisiloweza kusubiri.

Daktari, shikamoo. Binti yangu wa miaka minane amerudi na chawa. Mama mkwe anasema tumpake mafuta ya taa, tumfunge kitambaa alale nayo, kwani ndivyo walivyofanyiwa wao. Jirani anasema nimpulizie dawa ya mbu. Nishike lipi? (Mama wa Tanga)

Marahaba, mama. Usishike hata moja. Mafuta ya taa yanashika moto, na mtoto mwenye kichwa kilicholowa mafuta analala nyumba ileile yenye jiko la mkaa, kibatari au mshumaa. Hata moto usipotokea, kichwa kilichochubuka kwa kujikuna kitaungua. Mafuta hayo yakishuka mdomoni akapaliwa nayo, yakaingia mapafuni, huleta nimonia mbaya ambayo dawa za kawaida za nimonia haziiponyi.

Dawa ya kupulizia wadudu na dawa ya kuogeshea mifugo ni hatari zaidi. Nyingi za dawa za shambani na za josho huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na ya mtoto huvurugwa vilevile. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi na hunyonya upesi. Kama mtu ameshampaka mtoto, angalia haya: mate kumtoka ovyo, jasho, mboni za macho kuwa ndogo mno, kutapika, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida. Ukiona hata moja, mvue nguo, mwoshe kichwa na mwili kwa maji mengi na sabuni huku umevaa glavu au mifuko ya nailoni mikononi, kisha mkimbize hospitali ukiwa na chupa au kopo la dawa hiyo. Daktari akisoma jina lililoandikwa pale anaokoa muda mwingi.

Na mama mkwe usimtupe nje ya shughuli. Nia yake ni njema, na ana kitu ambacho wewe mwenye kazi za mchana kutwa huenda huna: muda wa kukaa na mjukuu kwa utulivu. Mpe kitana. Chini nitaeleza namna ya kukitumia.

Sisi ni watu wa usafi. Mtoto anaoga kila siku na kichwa kinaoshwa kwa shampuu. Hawa chawa wametoka wapi? (Baba wa Mombasa)

Wametoka kichwani mwa mtoto mwenzake, baba. Chawa wa kichwa haishi kwenye takataka wala hazaliwi na jasho. Chakula chake ni damu, na anainywa mara kadhaa kwa siku, kwenye kichwa kisafi na kichafu sawasawa. Hana mabawa, na haruki. Kila mguu wake una ukucha uliojikunja wa kushikia unywele, na kwa kucha hizo anatambaa kutoka unywele hadi unywele vichwa viwili vinapogusana. Vichwa vya watoto hugusana kutwa: wanafunzi watatu wakisoma kitabu kimoja, binamu wakilala kitanda kimoja wakati wa likizo, wasichana wakisukana uwani, mmoja kichwa amekilaza mapajani mwa mwenzake.

Maji hayamwui. Anashikilia unywele na kuvumilia kuzama kwa saa kadhaa, kwa hiyo kuogelea au kuoshwa kichwa kila siku hakumwondoi.

Jambo jingine linalofaa kujulikana kabla ya kumlaumu mtoto wa jirani: mara ya kwanza mtoto anapopata chawa, muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6, kwa sababu unatokana na mwili kuyakataa mate ya mdudu, na mwili unahitaji muda wa kuyazoea hadi kuyachukia. Siku anayoanza kujikuna, amekaa nao zaidi ya mwezi. Huwezi tena kujua nani kampa nani, na hakuna faida kujua.

Nitajuaje kwamba ni chawa, si mba wala mapunye?

Mkalishe mtoto mlangoni penye mwanga wa asubuhi, akugeuzie kisogo. Fungua njia kwenye nywele kwa ncha ya kitana, ukianzia nyuma ya masikio na juu kidogo ya shingo. Pale pana joto na chawa wanapapenda. Chawa mzima ana milimita 2 hadi 3, kama punje ya ufuta, na hukimbia mwanga, kwa hiyo mara nyingi utaona mayai kabla hujamwona mwenyewe.

Yai ni dogo, lina umbo la tone, limegandishwa upande mmoja wa unywele. Lipulize: haliendi. Lisukume kwa kidole: haliendi. Mpaka ulibane kati ya kucha mbili na kulivuta mpaka ncha ya unywele. Mba ukiugusa unadondoka, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Kisha angalia yai liko umbali gani na ngozi. Jike hutaga mahali penye joto, ndani ya milimita 6 hivi kutoka kwenye ngozi. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Ukikuta mayai yote yako mbali zaidi ya sentimita 1, huenda unaangalia maganda matupu ya vita iliyokwisha. Usimpake mtoto dawa kwa ajili ya maganda. Tafuta chawa anayetembea.

Mapunye ni habari nyingine kabisa. Ni fangasi: unaona mabaka ya duara yenye magamba ya kijivu, nywele zimekatika usawa wa ngozi. Katika shule zetu nyingi za msingi ambako watoto hunyolewa, mapunye ndiyo tatizo kubwa kuliko chawa, na mashine ya kunyolea isiyosafishwa huyasambaza. Hayatibiwi kwa kupaka tu. Fangasi imeingia kwenye shina la unywele, na inahitaji vidonge vya griseofulvini au vya namna hiyo kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha hospitali. Tanzania inao matabibu waliosomea ngozi katika kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, na wengi wao wako hospitali za mikoa na wilaya. Ukifika hospitali, uliza kama yupo.

Basi niwatoe vipi?

Kwa kitana, na kwa subira ya siku kumi na tatu. Watu hutaka dawa ya kumaliza usiku mmoja, nami nawaambia kila mara kwamba ya usiku mmoja haipo, kwa sababu ya mayai. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na mtoto wa chawa hukua kwa siku 9 hadi 12 hivi kabla hajaanza kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 8 kwa siku. Ukiwaua wakubwa leo ukaacha mayai, wiki ijayo una kizazi kipya. Ukikikamata kizazi hicho kabla hakijataga, umeshinda.

Lowesha nywele, paka kondishena kwa wingi mpaka ziwe telezi. Utelezi huo unamzuia chawa kukimbia. Gawa nywele mafungu madogo, bana mengine, kisha chukua kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana sana, cha chuma kikipatikana. Kiguse ngozi ya kichwa, vuta polepole mpaka ncha, na kila mvuto mmoja kifute kwenye kitambaa cheupe uone umetoa nini. Fungu lote likiisha, lirudie upande mwingine. Kichwa cha nywele ndefu kinaweza kula saa nzima, kwa hiyo mpe mtoto kitabu au hadithi. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13, kisha kagua tena siku ya 17.

Nywele zetu za kipilipili hazikubali kitana hicho kirahisi. Fumua misuko yote kwanza, iwe rasta, mabutu au twende kilioni, ongeza kondishena, tanua nywele kwa chanuo pana, halafu fanya mafungu madogo zaidi. Kitana kikikataa kabisa, dawa ya maji inakuwa msaada mkubwa kuliko kulazimisha na kumliza mtoto.

Dawa inayojulikana zaidi ni pemethrini ya asilimia 1. Osha nywele kwa shampuu bila kondishena, kausha kwa taulo, paka, subiri dakika 10, suuza. Usizioshe nywele tena kwa siku moja au mbili. Irudie siku ya 9, hata kama huoni kitu. Nchi nyingi chawa wameanza kuizoea, na ndiyo maana nakisisitiza kitana. Ipo pia dimetikoni, mafuta ya silikoni yanayomfunika chawa mpaka anakufa. Kwa kuwa haimwui kwa sumu, si rahisi aizoee. Soma muda wake kwenye boksi, na mtoto asisogelee moto ikiwa kichwani. Ile dawa nyeupe ya upele ambayo wengi wanayo nyumbani, BBE, huchoma sana kichwa kilichochubuka. Usimpake mtoto bila kuelekezwa.

Siku hiyohiyo kagua kila aliye ndani ya nyumba, pamoja na baba na msaidizi wa kazi. Wenye chawa watibiwe pamoja.

Godoro na sofa je? Nitoe nje? Nipulizie?

Hapana. Chawa akitoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili. Fua foronya, shuka, mitandio na kofia zilizotumika siku mbili za karibuni kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Vitana vitumbukize kwenye maji ya moto yasiyovumilika mkononi kwa dakika 10. Basi.

Mimi ni mwalimu wa afya katika shule ya bweni ya wasichana. Matroni amependekeza tuwapange foleni asubuhi, wenye chawa watoke mbele na wanyolewe. Ni sawa?

Mwalimu, kunyoa kunaondoa chawa, hilo ni kweli: pasipo unywele hapana pa kutagia. Kama mtoto mwenyewe na mzazi wake wanataka nywele fupi, njia hiyo ni rahisi na haina gharama. Ila kumtoa mtoto mstarini mbele ya wenzake ni adhabu, na hakufanya kosa. Na kuna matokeo ambayo hamtayapenda: wiki ijayo wasichana wote watakuwa wamejifunza kuficha. Watajikuna chini ya ushungi, watakataa kukaguliwa, na chawa watalijaza bweni.

Kagueni faraghani, kitanda kwa kitanda, bweni zima kwa siku moja. Tibuni wote wenye chawa hai siku moja na mrudie wote siku ya 9. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na bwenini ni hivyo hasa: mkitibu kumi mkamwacha mmoja, mtaanza upya. Kila msichana awe na kitana chake na mtandio wake. Wazazi wapewe taarifa ya darasa zima bila kutaja jina.

Tuko Ohio, Marekani. Shule imemrudisha mwanangu nyumbani kwa sababu ya mayai ya chawa. Nimeona aibu, wataona sisi wakimbizi tumewaletea. (Mama kutoka Kongo)

Dada yangu, hawakusubiri mlete. Idara ya afya ya Marekani, CDC, inakadiria kwamba watoto milioni 6 hadi 12 wa miaka 3 hadi 11 hupata chawa huko kila mwaka, na kati ya Wamarekani weusi ni nadra kuliko kwa wengine. Uwezekano mkubwa ni kwamba mwanao ameambukizwa hapohapo. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kinapinga kumzuia mtoto mwenye afya kuingia darasani kwa ajili ya chawa au mayai yake. Mwombe nesi wa shule aongee nawe, na uombe mkalimani, kisha umweleze kwamba matibabu yameanza. Shule haipaswi kuendelea kumkosesha masomo.

Chawa wanaleta maradhi?

Wa kichwani huleta muwasho, usingizi mbovu, na vidonda vinavyoweza kuingia usaha pale mtoto anapojikuna. Tezi za nyuma ya shingo zikivimba na akawa na homa, mpeleke kituo cha afya. Wanaoua watu, kwa kueneza tifasi, ni ndugu zao, chawa wa mwilini, wanaoishi kwenye mishono ya nguo. Daktari Mfaransa Charles Nicolle alilithibitisha hilo mjini Tunis mwaka 1909. Aliona wagonjwa wa tifasi, ambayo si taifodi, wakiambukiza watu mpaka mlangoni mwa hospitali, lakini wakishaogeshwa na kuvuliwa nguo zao hawaambukizi tena. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Na si habari ya zamani tu. Miaka ya 1990, vita ilipowasonga watu kwenye kambi za baridi huko Burundi, bila nguo za kubadili wala sabuni, tifasi iliwashika maelfu kwa maelfu. Mtoto wa shule anayebadilisha nguo na kulala kitandani kwake hayumo katika hatari hiyo.

Nimefuata yote, wiki ya tatu sasa, bado anajikuna.

Kujikuna kunaweza kuendelea wiki moja au mbili baada ya chawa wa mwisho kufa. Mchane kwa kitana juu ya kitambaa cheupe. Usipopata chawa hai, acha dawa, maana kuzidisha kunakausha na kuchubua ngozi. Ukipata wakubwa na wadogo pamoja siku chache baada ya dozi ya pili iliyopakwa sawasawa, dawa hiyo imeshindwa. Usiirudie mara ya tatu, ibadilishe. Hapo tabibu anaweza kufikiria vidonge vya ivamektini, vilevile vinavyogawiwa vijijini kwa ajili ya matende na usubi. Havipewi mtoto wa chini ya kilo 15, na ndiyo sababu wagawaji hubeba kijiti cha kupimia urefu na kumwacha asiyefika sentimita 90. Usinunue na kumpa mwenyewe nyumbani. Nenda na mtoto, apimwe uzito.