Kitafunwa cha ndagala, chako na cha mbwa wako

Kuanzia Nyanza-Lac hadi Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, mbwa hula kilichobaki: kichwa cha samaki mukeke, ukoko wa ugali, mchuzi uliosalia chini ya sufuria. Wenye mbwa wengi hawaoni tabu, na kwenye ukoko kweli haipo. Tabu kubwa iko kwenye mchuzi. Mukeke huliwa na vitunguu, na kitunguu ni sumu kwa mbwa: huharibu chembe nyekundu za damu yake. Kukipika au kukikausha hakuondoi sumu hiyo. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito zinaweza kumdhuru, yaani mbwa wa kilo 10 anaweza kuumizwa na kitunguu kimoja kikubwa. Tena mara nyingi huoni kitu siku hiyo hiyo. Ni baada ya siku kadhaa ndipo fizi hupauka, mkojo ukageuka kahawia na mbwa akawa hana nguvu ya kuinuka. Kitunguu saumu ni kikali zaidi.

Basi ukitaka kula kitu kimoja na mbwa wako, fungu lake litoke kabla ya chumvi, kitunguu na mafuta kuingia. Donge ni moja, mapishi mawili.

Anza na ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwani. Wanaoanikwa juu ya kichanja ni bora kuliko wanaoanikwa chini. Chukua konzi moja, wasugue polepole kati ya viganja juu ya sinia. Ukisikia chembechembe zinadondoka, huo ni mchanga, na utausikia tena menoni. Wanuse pia: mafuta yao yakishachacha, harufu hukwama kooni. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo sokoni usishangae kuuziwa wa zamani. Subiri giza lirudi.

Waoshe kwa maji ya moto mara mbili. Kama walitiwa chumvi, waloweke saa nzima, umwage maji, uwaloweke tena. Kisha wakaushe kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, mpaka wavunjike kwa vidole, uwatwange wawe unga. Ukishawatwanga, hakuna haja ya kuhangaika na miba. Mifupa ya mukeke aliyepikwa ni hadithi nyingine: hiyo hukwama kooni, usimpe.

Chemsha viazi vitamu viwili vya kiasi, menya, ponda. Changanya na unga wa ndagala, yai moja, na unga wa muhogo kikombe kimoja au zaidi kidogo, hadi donge liache kunata mkononi. Unga uwe wa muhogo uliolowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, maana muhogo mchungu usiolowekwa una sumu kwako na kwake. Kama huna hakika na muuzaji, tumia unga wa mahindi.

Gawa donge. Fungu la mbwa lisukume liwe jembamba, kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, panga ndani ya sufuria kavu. Tia makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, kwa muda wa nusu saa, ukivigeuza mara moja, mpaka viive na kukauka. Fungu lako tia chumvi, pilipili na kitunguu, fanya vidonge, kaanga kwa mawese. Usimwonjeshe vya kwako: mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kumletea uvimbe wa kongosho.

Kushiriki si kula sahani moja. Kwenye nyumba za Waislamu hili halihitaji maelezo. Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ni rahisi zaidi kumtengea bakuli lake tangu mwanzo. Hata asiye Mwislamu afanye hivyo, na anawe mikono.

Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kwa mbwa wa kilo 10, vipande vitano au sita vinatosha. Mbwa atakuambia havitoshi, usimsikilize. Chokoleti, zabibu, pombe ya ndizi na ubani wa kutafuna usio na sukari vikae mbali naye kabisa. Kokwa la parachichi nalo lisiachwe uani, kwa sababu humkaba au huziba utumbo.

Viache vitafunwa vipoe kabisa kabla ya kuvifunika, kwani mvuke ukifungiwa ndani ya kopo hugeuka maji. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo usiviweke zaidi ya siku tatu bila friji. Ukungu ukionekana kwenye kipande kimoja, usimpe mbwa chochote cha kopo hilo. Sumu ya kuvu huharibu ini la mbwa upesi, na usidhani kuku wakivila watanusurika: vizike vyote.