Barua ya kuondoka kazini kwa hiari: piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Kampuni nyingi nchini Kenya zinapotaka kupunguza wafanyakazi hazianzi kwa kumfuta mtu. Huanza na barua ya upole: unaalikwa kustaafu mapema kwa hiari, utalipwa kiasi fulani, jibu litolewe kabla ya tarehe fulani. Kenya Airways ilipita njia hiyo mwaka 2012. Ilifungua kwanza mlango wa hiari, kisha ikawaachisha kazi wafanyakazi wengine zaidi ya 400. Anayepokea barua kama hiyo jicho lake hukimbilia jumla iliyoandikwa kwa herufi nzito. Naomba jumla hiyo uitazame mwisho kabisa.

Jiulize kwanza: nikikataa, halafu kampuni inipunguze, sheria inanipa nini? Jibu liko katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi lazima akulipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha kazini. Lazima akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Siku za likizo ulizokuwa bado hujachukua anazilipa kwa pesa taslimu. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yakitoa zaidi ya hapo, dai hicho cha zaidi. Na ukiambiwa kwamba hustahili kiinua mgongo kwa sababu unachangia NSSF, usikubali. Uanachama wa NSSF haumnyimi haki hiyo mtu aliyepunguzwa kazi.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa Sh60,000, miaka 12 kazini, mwenye siku 20 za likizo. Siku 15 ni nusu mwezi, Sh30,000. Mara 12 ni Sh360,000. Notisi ni Sh60,000. Likizo, tukigawa mshahara kwa siku 30, ni Sh40,000. Hapo tayari ni Sh460,000. Barua ikimwahidi Sh600,000 kwa kila kitu, nyongeza anayopewa ili aondoke si laki sita. Ni Sh140,000, mshahara wa miezi miwili na siku kumi hivi. Kwa mtu wa miaka 57 aliyekwisha kulipa madeni na ana shamba linalomlisha, huenda inatosha. Kwa mwenye watoto wawili sekondari na mkopo wa Sacco, mimi ningemwambia arudi mezani aombe zaidi. Kiasi cha barua ya kwanza hujadiliwa, hasa kampuni inapotaka watu waondoke haraka bila kesi.

Angalia pia tarehe ya kuondoka. Sheria inahesabu miaka iliyokamilika, hivyo miaka 11 na miezi 10 huhesabiwa 11. Kuomba tarehe isogezwe miezi miwili kunaweza kukuongezea mwaka mzima katika hesabu.

Neno kustaafu nalo limewaponza wengi. Kwa barua ya mwajiri umestaafu, lakini kwa mfuko wa pensheni huenda hujafika huko. Mifuko mingi huruhusu kustaafu mapema kuanzia miaka 50. Mtu wa miaka 42 huhesabiwa kama aliyeacha kazi tu, na sehemu ya akiba yake hubaki imefungwa. Waulize wasimamizi wa mfuko, kwa maandishi, ni kiasi gani utapata sasa. Kampuni ikiijumlisha pensheni yako kwenye ofa ili ionekane kubwa, itoe: hiyo ni mali yako hata ukikataa. Uliza vilevile kama takwimu iliyotajwa ni kabla ya kodi au baada, bima ya matibabu ya familia inakatika siku gani, na mkopo wa mwajiri utakatwa kutoka kwenye malipo au la. Wafanyakazi wa benki wanajua uchungu wa hili la mwisho, kwani riba nafuu ya mfanyakazi inaweza kupanda hadi riba ya mteja wa kawaida siku ajira inapokoma.

Sasa karatasi yenyewe. Mara nyingi huambatana na hati ya kumaliza madai, inayosema kwamba ukishalipwa huna dai lolote tena dhidi ya mwajiri. Watu huitia sahihi kama vile ni risiti. Katika kesi ya Coastal Bottlers mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mfanyakazi anabanwa na makubaliano aliyotia sahihi. Kabla ya hapo, katika kesi ya Thomas De La Rue mwaka 2013, mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba uzito wa hati kama hiyo hutegemea mazingira: je, ilisainiwa kwa hiari, na mtu akijua alichokuwa anakiacha? Kwa hiyo omba nakala, uende nayo nyumbani. Ukitishiwa kwamba usiposaini leo utafutwa kesho, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, na uhifadhi ujumbe wa simu.

Kitu kingine: usiandike barua ya kujiuzulu. Anayejiuzulu hana kiinua mgongo cha kifungu cha 40. Jaza fomu ya mpango wenyewe, na ieleze kwamba kuondoka kwako kunategemea kulipwa kiasi kilichotajwa kufikia siku fulani.

Ukikataa, hujapoteza haki zako za kisheria. Kampuni ikiamua kupunguza watu, lazima ikijulishe chama chako na ofisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na kiwango. Usipokuwa mwanachama, ikuarifu wewe binafsi kwa maandishi pamoja na ofisa huyo. Wa kuondoka wanachaguliwa kwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja. Kukataa ofa hakumo humo. Upunguzaji ule wa Kenya Airways ulifika mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba sababu za kiuchumi zilikuwepo, lakini ikaona utaratibu haukuwa wa haki.

Anayedhulumiwa aanzie ofisi ya leba ya kaunti au chama chake. Wasioweza kumlipa wakili wanaweza kubisha hodi katika shirika la Kituo cha Sheria. Mwenye mshahara usiozidi Sh80,000 kwa mwezi anaweza kushtaki katika mahakama ya hakimu. Wengine huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Muda ni miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa, na ukipita, hata kesi nzuri kiasi gani haitasikilizwa.