Nyongo na Asidi za Nyongo: Neno Moja, Maana Nyingi

1.0 Utangulizi

Anayemtazama mchinjaji wa Njiru, mashariki mwa jiji la Nairobi, akipasua ng'ombe, atamwona akipunguza kasi anapolifikia ini. Chini ya ini pana kifuko cha kijani ambacho hukatwa kwa hadhari, kwani kikipasuka maini huwa machungu na mnunuzi huyakataa. Ndiyo maana si vigumu kuelewa kwa nini jambo lililoharibika husemwa kuwa limetumbukia nyongo.

Hata hivyo, matumizi haya ya kila siku hayamtoshi mwalimu wa sayansi. Neno nyongo hutumiwa kwa kifuko, kwa kiowevu kilichomo, kwa matapishi ya manjano na hata kwa chuki. Makala haya yananuia kueleza kemia na kazi ya asidi za nyongo, na kuonyesha kwamba kutotenganisha maana hizo kunaweza kuhatarisha uhai.

2.0 Asidi za Nyongo ni Nini?

Nyongo hutengenezwa na ini. Kifuko ni ghala tu, ambamo nyongo huhifadhiwa na kukolezwa kwa kufyonzwa maji. Katika nyongo mna maji, chumvi, kolesteroli, rangi iitwayo bilirubini, na asidi za nyongo. Bilirubini hutokana na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu zilizozeeka, nayo ndiyo huyafanya macho ya mgonjwa kuwa ya manjano. Asidi za nyongo hazina rangi hiyo wala asili hiyo. Zenyewe hutokana na kolesteroli.

Molekuli ya kolesteroli ina atomu 27 za kaboni. Seli za ini huupunguza mkia wake hadi zibaki atomu 24, huiongezea makundi ya haidroksili na kuweka kundi la asidi mkiani. Kwa binadamu hupatikana asidi ya koliki, yenye haidroksili tatu, na asidi ya kenodeoksikoliki, yenye mbili. Kisha ini huziunganisha na glisini au taurini ili ziyeyuke majini kwa urahisi zaidi. Zikifika utumboni, bakteria huzigeuza baadhi yake kuwa asidi ya deoksikoliki na ya lithokoliki.

Heinrich Wieland wa Ujerumani alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1927 kwa kuuchunguza muundo wa asidi hizi. Hata hivyo, muundo aliouchora ulikuja kusahihishwa mwaka 1932.

Neno asidi lisimpotoshe msomaji. Nyongo itokayo kwenye ini haichomi kama tindikali ya betri, bali huelekea kuwa alkali kidogo. Katika hali hiyo asidi zake huwa katika umbo la chumvi, na ndiyo sababu baadhi ya waandishi huziita chumvi za nyongo.

3.0 Kazi Yake Mwilini

Molekuli ya asidi ya nyongo ina pande mbili: upande mmoja hupatana na maji na wa pili hupatana na mafuta. Sabuni hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Mtu akitia mafuta katika glasi mbili za maji, akaongeza nyongo kidogo ya ng'ombe katika moja na kuzitikisa zote, ataona kwamba penye nyongo mafuta hutawanyika na kukawia kujitenga.

Mtu anapokula chakula chenye mafuta, homoni ya kolesistokinini hukifanya kifuko kijikunje na kumimina nyongo katika utumbo mwembamba. Mafuta hutawanywa kuwa matone madogo, na kimeng'enya cha lipasi hupata pa kushambulia. Bila kazi hii, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi ipasavyo.

Kazi ikiisha, takriban asilimia 95 ya asidi hizo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurejeshwa kwenye ini. Hivyo, akiba ya gramu 2 hadi 4 huzunguka mara kadhaa kwa siku. Kiasi kidogo hutoka na kinyesi, na ini hukifidia kwa kutumia kolesteroli nyingine.

4.0 Hali ya Wanyama

Nguruwe wana asidi ya hayokoliki, na mbwa na paka huziunganisha asidi zao karibu na taurini pekee. Punda, ngamia na njiwa hawana kifuko kabisa. Nyongo yao hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Kwa hiyo, asemaye kwamba punda hana nyongo amechanganya kifuko na kiowevu.

5.0 Kwa Nini Istilahi Ziwe Bayana?

Tuchukue mfano wa mama mjamzito wa Njiru anayewashwa viganja na nyayo, hasa usiku, bila vipele. Huenda akaambiwa ni joto tu, au kwamba si nyongo kwa kuwa macho yake ni meupe. Ushauri huo ni wa hatari. Upo ugonjwa wa ini wa ujauzito ambamo asidi za nyongo hujaa katika damu ilhali bilirubini haijapanda. Zikifikia mikromoli 100 au zaidi kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Mama huyo anapaswa kwenda kliniki bila kukawia apimwe damu. Mfasiri anayeandika "kipimo cha nyongo" atakuwa hajaeleza kama kinachopimwa ni rangi au ni asidi.

6.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba nyongo libaki jina la kiowevu, kifuko cha nyongo liwe jina la ghala, bilirubini jina la rangi, na asidi za nyongo jina la viyeyusha mafuta. Maana ya chuki na uharibifu haipotei kwa kufanya hivyo. Itaendelea kuishi katika nahau. Mchinjaji hujua mahali hasa pa kupitisha kisu. Mwanafunzi wa Kiswahili naye anapaswa kujua mahali pa kutenganisha maana.