Tangi la kioo linavuja? Usipake silikoni mpya juu ya ya zamani

Leo tuongelee tangi la kioo linalovuja. Kama unafuga samaki wa mapambo wa kuuza, au unatunza vifaranga ndani kabla ya kuvipeleka bwawani, hili litakukuta siku moja. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 likijaa lina lita 250, yaani kilo 250 za maji. Likiachia usiku, asubuhi unakuta samaki sakafuni na mtaji umekwenda.

Kosa la wengi ni kupaka kiraka juu ya silikoni ya zamani. Silikoni mpya haishiki vizuri kwenye iliyokwisha kukauka, inashika kwenye kioo kisafi. Kiraka cha nje nacho hakifai, maana maji yanasukuma kutoka ndani na kukibandua.

Dukani, soma lebo kwanza. Nunua silikoni asilimia 100, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni na jikoni mara nyingi zina dawa hiyo, na inaweza kuua samaki.

Sasa fanya hivi:

1. Chomoa vifaa vyote vya umeme. Hamishia samaki kwenye chombo chenye nafasi, kwa maji yao yaleyale, na uweke pampu ya hewa. Walishe kidogo, badilisha sehemu ya maji kila siku.

2. Kagua. Kama kioo kimepasuka au vioo vimeachana, usihangaike, mwite fundi vioo. Kama ni pembeni tu panapovuja, endelea. Usinyanyue tangi likiwa na maji.

3. Kwa wembe, toa silikoni yote ya kona za ndani, si pale panapovuja tu. Ile iliyo katikati ya kioo na kioo usiiguse, ndiyo inayoshikilia tangi.

4. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke kabisa. Alama ya kidole au mafuta kidogo tu inatosha kuharibu kazi.

5. Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi pande zote mbili za kona. Sukuma silikoni mfululizo bila kuacha nafasi, lainisha kwa kidole kilicholowa maji, kisha bandua utepe hapohapo kabla haijaanza kushika.

6. Subiri siku 7. Juu itaonekana imekauka mapema, lakini ndani bado. Aina nyingi hunuka kama siki. Harufu ikiwa bado ipo, usiweke maji.

7. Jaribu bila samaki. Weka tangi mahali palipo sawa, tandika magazeti chini, jaza nusu, halafu lijaze na uliache saa 24. Gazeti likilowa, utajua ni upande gani. Likibaki kavu, mwaga maji hayo, suuza, ndipo uandae maji ya samaki.

Najua siku 7 ni nyingi kwa mtu mwenye oda ya wateja. Ndiyo maana mfugaji wa biashara anatakiwa awe na chombo cha akiba tangu mwanzo, asije akalazimika kurudisha samaki kwenye tangi ambalo halijakauka.

Kila la heri.